Kura Niliyomwandikia Jirani

Mtaani kwetu wizi ukizidi, tunaupigia kura. Wa mbali atadhani natania, lakini watu wa pembezoni mwa Dar wanajua ninachosema. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapitisha tangazo kwa kipaza sauti, tunakusanyika Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule, na kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi. Hapo unaandika jina la mtu unayemshuku kuwa mwizi. Huulizwi ushahidi, wala huandiki jina lako. Unakunja, unatumbukiza kwenye ndoo, unarudi kukaa. Majina yakishahesabiwa, yale yaliyojirudia yanapelekwa polisi, na wenye majina wanafuatwa majumbani kwao.

Kura hizo nimezihesabu mara mbili. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, mtu wa Tabora niliyehamia huku ng'ambo ya Mbagala, njia ya Chamazi, wakati bado kulikuwa na mikorosho mitupu. Watu wanaamini mwalimu haibi kura, na kweli sikuiba. Nilifanya lingine, na kwa hilo kijana wa jirani yangu hayupo duniani. Nimekaa nalo vya kutosha. Majina ya watu sitayataja humu, maana nimeshaona jina la mtu linaweza kufanya nini.

Jirani yangu ni Mzaramo, mzaliwa wa Kisarawe, muuza vitumbua. Mimi Mnyamwezi na yeye Mzaramo, kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu haukuwa na adabu hata kidogo. Akinikuta nahangaika na ndoo ya maji ataniambia, "Nyie si ndio mlibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani, ndoo moja tu inakutoa ulimi?" Nami nikimkuta amejinyoosha barazani namuuliza kama leo ngoma inalia wapi, maana Mzaramo bila ngoma hajaamka. Mume wangu, naye mwalimu, alipofariki, jirani ndiye aliyevaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea mbele ya waombolezaji kwa ule mwendo wa marehemu wa kuburuta mguu, akawa anawauliza wanafunzi wa marehemu wa zamani kwa nini hawajachomekea. Nilicheka huku machozi yananitoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na aliifanya vizuri kuliko ndugu zangu wote walivyofanya yao.

Nilimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Fulani, kama tunavyoitana wote huku. Huyo Fulani ndiye ninayemzungumzia.

Jirani hajui kusoma wala kuandika. Baba yake aliona shule inaharibu mabinti, na ukubwani akaona haya kwenda kukaa darasani na watu wengine. Nilijitolea kumfundisha mara mbili tatu akanitoroka, akisema vidole vyake vimeshazoea mwiko. Basi mimi nikawa mkono wake. Fomu za shule za watoto nilimjazia mimi, barua kwa kaka yake wa Kisarawe niliandika mimi, na hata kadi za mchango wa harusi ya binti yake nilimwandikia majina, kadi baada ya kadi, yeye akiwa pembeni ananitajia nani asiwekwe karibu na nani. Alikuwa ananiambia, mimi naandika. Hakuwahi kuniuliza nimeandika nini.

Mwanawe nilimfundisha darasa la pili. Alikuwa mtoto wa maneno mengi na mikono isiyotulia. Siku moja kalamu za rangi za mwenzake zikapotea, zikakutwa kwenye mfuko wake, nikamchapa viboko vinne mbele ya darasa. Nilikuwa mwalimu wa fimbo, sitajisafisha. Niliamini mtoto anapindwa angali mbichi, kama wazee walivyosema, na sikujiuliza sana anapindwa kuelekea wapi. Wenzake wakamwita mwizi tangu siku ile. Nilisikia, na nikaona kwamba aibu nayo ni sehemu ya adhabu, nikamwacha anyooke nayo.

Alipokua akawa anabeba mizigo sokoni Mabibo. Anatoka alfajiri, anarudi mchana amechafuka mabega kwa majani ya ndizi, anamletea mama yake nyanya zilizobonyea. Kazi ile aliifanya karibu miaka mitatu bila neno. Kisha mzani wa mfanyabiashara mmoja ukapotea, wakakamatwa makuli watano, na yeye akiwemo. Mpaka leo sijui kama aliuchukua. Alipewa dhamana, ila dhamana inataka wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mama yake akapata mmoja, shemeji yake wa Temeke. Wa pili akanijia mimi.

Barua ya kuiomba ile ya serikali ya mtaa nilimwandikia, tena kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Kusimama mdhamini nikakataa. Nilikuwa bado kazini, nikamwambia mtumishi wa umma akimdhamini mtu akakimbia anaweza kupata matatizo. Hakubisha. Akasema, "Haya Mwalimu, nimekuelewa," akaondoka na barua yake. Kijana akakaa mahabusu miezi minane, kisha kesi ikafutwa kwa kukosa mashahidi. Huko ndani, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye akicheka, walilala kwa kugeuka wote kwa pamoja, na aliyekuwa ubavuni mwake ni fundi wa kufungua makufuli. Aliingia kuli, akatoka na ujuzi mwingine. Sokoni hawakumtaka tena.

Hapo ndipo wizi ulipoanza, au tuseme ndipo alipoanza yeye. Sitaki kudanganya watu ili kisa kinoge: alikuwa mwizi. Mitungi ya gesi, pampu za maji, viatu vilivyoachwa mlangoni, nguo kwenye kamba. Hakuwa peke yake mtaani, lakini kila kilichopotea kilihesabiwa chake, mpaka kuku waliochukuliwa na kicheche. Alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu ananiamkia kwa heshima zote, nami naitika huku nahesabu ndoo zangu kwa macho.

Mwaka juzi hali ikawa mbaya. Mtaa wa pili walimkamata mtu na mtungi wa gesi asubuhi kweupe, wakampiga, wakamvisha tairi. Habari ilipofika kwetu, jirani alikuwa anakoroga unga wa vitumbua. Aliacha bakuli lilivyo, akatoka mbio na mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Nilimwona anapita, nikajua anakwenda kuangalia kama ni wake. Alirudi baada ya nusu saa, anatembea taratibu, unga umemkaukia. Akaniambia, "Si wa kwangu, alhamdulillah." Kisha akaziba mdomo, akakaa chini palepale getini kwangu, akasema, "Astaghafirullah. Na yule naye ana mama." Nilimletea maji akanywa.

Baada ya hapo ndipo mwenyekiti akatangaza kura.

Siku moja kabla ya kura, kijana alibeba kikaango cha mama yake cha vitumbua, kile kizito cha chuma alichorithi kwa bibi yake, akaenda kukiuza kwa wanunua vyuma chakavu. Mtaa mzima ulisikia mama mtu alivyolia. Alimwambia mwanawe maneno ambayo mzazi hatakiwi kuyasema, na kijana akasimama pale anaangalia vidole vya miguu yake, kisha akaondoka. Nililala nikifikiria kikaango kile. Hiyo nayo ilichangia kosa langu, kwa sababu kesho yake nilidhani nimeshajua kila kitu.

Uwanja wa shule ulijaa. Wanaume walikaa upande wa madarasa, wanawake upande wa choo kipya, tukafuata kivuli kilivyokuwa kinasogea. Mtendaji wa mtaa alieleza utaratibu, polisi kata akasema maneno machache kuhusu kutosingiziana, sheikh akaomba dua na mchungaji akaomba sala. Karatasi zilikuwa za daftari la mistari, zimekatwa kwa rula. Wasiojua kuandika waliambiwa kila mmoja atafute mtu anayemwamini.

Jirani alikuja kukaa ubavuni kwangu na karatasi yake, akanipa. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu.

"Niandikie."

"Nimwandike nani?"

"Wa kwangu."

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa makavu, anaangalia mbele. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, una hakika?" Akasema, "We niandikie tu, Mwalimu." Nyuma yetu watu walikuwa wamesimama wanasubiri kalamu.

Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, na katika muda huo nilifikiri mambo ya mwalimu. Nilifikiri: huyu ana hasira ya kikaango. Nilifikiri hasira za mama ni moto wa mabua, kesho zitazimika, na keshokutwa atakuwa mlangoni kwangu analia kwamba amemfunga mwanawe mwenyewe, na mimi ndiye niliyeandika. Nikakumbuka viboko vyangu vinne na ile barua ya dhamana. Nikasema moyoni, mara hii nitamhurumia. Nikaipeleka kalamu juu ya karatasi bila kuigusisha, nikaandika hewani herufi zote za jina lake, ili mama yake aone mkono wangu ukitembea. Nikakunja karatasi nyeupe, nikamrudishia.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akainuka, akajipanga kwenye foleni, akasogea nayo mpaka kwenye ndoo akiwa ameibana kifuani. Nilimwangalia anavyoitumbukiza. Alisimama kidogo pale mbele ya ndoo, na nikajisifu kwamba nimemwokoa na jambo atakalolijutia maisha yake yote.

Tulihesabu ofisini kwa mtendaji, mlango umefungwa. Mimi nilisoma, mtendaji akaandika. Utaratibu ulikuwa kwamba jina likitajwa mara tatu au zaidi linapelekwa, chini ya hapo linaachwa, kwa sababu mtu mmoja au wawili wanaweza kuwa na ugomvi wao. Karatasi nyeupe zilikuwa nyingi, watu waliogopa. Ya jirani ilipita mikononi mwangu kati ya hizo, sikuitambua. Watu watatu walifikisha idadi, mmoja wao kwa kura nyingi mno. Mtoto wa jirani alitajwa mara mbili.

Nilifurahi. Nasema wazi kwa sababu nikificha hili, mengine yote niliyoandika hayana maana. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi, nikapika wali, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda wema.

Wale watatu walichukuliwa Jumanne. Wawili walikaa ndani muda, mmoja alifungwa mwaka na nusu. Wote wapo hai. Mmoja anauza kahawa pale stendi, ananiamkia, na mtoto wake wa pili kazaliwa juzi.

Wiki ile jirani alihamishia jiko lake nje, upande wa barabara. Kila gari lililopita aliinua kichwa. Sikuelewa. Alhamisi akaniuliza, "Mwalimu, wale wa kura wameshachukuliwa wote?"

"Wote."

"Hakuna waliobaki?"

"Hakuna," nikamwambia, tena nikamshika bega na kutabasamu, nikidhani nampa habari njema kwa siri. Akaitikia kwa kichwa, akageuza vitumbua kwenye kikaango cha kuazima.

Ilipita wiki moja na siku kadhaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, naosha vyombo uani, nikasikia ile kelele. Mtu aliyeishi huku anaijua kabla hajasikia neno lenyewe. Alikutwa anatoka na pampu ya maji kwenye nyumba moja barabara ya juu. Pampu kweli ilikuwa mkononi mwake. Nilivaa kanga vizuri, nikatoka, na nilipofika umati ulikuwa umeshafunga njia. Nilijipenyeza. Nilisema "Jamani, jamani," na sauti ile iliyonyamazisha madarasa ya watoto themanini kwa miaka thelathini haikunyamazisha mtu hata mmoja.

Niliwajua wengi. Nilikuwa nimewafundisha kuandika. Kijana mmoja, niliyemsimamia mtihani wa darasa la saba, aligeuka akaniona nyuma yake. Alikuwa na tofali mkononi. Akasema, "Shikamoo Mwalimu."

Nikaitika, "Marahaba." Mdomo uliitika wenyewe. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningemwambia neno jingine.

Polisi walifika wakati hakuna tena cha kuokoa. Mama yake alikuwa amewatangulia.

Tulimzika kesho yake alasiri, kwa sababu mwili ulipitia hospitali kwanza. Nilikaa na wanawake ndani, kwenye mkeka, siku zote tatu. Wazaramo wenzake na watu wa bara tuliochangamana nao wakawa wananiangalia, wananisubiri. Mimi ndiye mtani. Nilitakiwa nivae shati la marehemu, niige maneno yake mengi, niwaibie wafiwa viatu mlangoni na kuwaambia marehemu kanituma. Kwa mwizi utani ungekuwa mwepesi, na nina hakika mama yake angecheka, na kicheko kile kingemfaa. Sikuweza. Nilikaa kama gogo.

Baada ya khitma watu wakatawanyika, tukabaki wawili, tunakusanya sahani. Akasema, "Mtani wangu hukunichekesha."

"Nimeshindwa, Mama Fulani." Nilipolitamka jina ndipo nikatambua kwamba kumwita mama huyu ni kumtaja marehemu, na kwamba atatajiwa hivyo na kila mtu, dukani na njiani, mpaka naye azikwe.

Akaweka sahani chini. "Nikwambie kitu, Mwalimu? Siku ile ya kura haikuwa hasira. Najua ulidhani hasira ya kikaango. Kikaango ni chuma tu. Mie nilimtaja ili wamfunge. Nilishamwona yule wa mtaa wa pili alivyofanywa. Nikasema moyoni, wa kwangu na afungwe, hata miaka kumi, nitampelekea sabuni. Kule kuna kufuli, Mwalimu. Huku kuna kiberiti." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Kumbe kura yangu moja haikutosha."

Ningemwambia pale pale. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Badala yake nikainama nikaokota sahani zake, nikazipeleka uani, nikafungulia maji.

Ukafuata mwaka ambao sipendi kuukumbuka. Jirani alirudi kwenye vitumbua, ila utani ulikuwa umekufa. Sikuogopa polisi wala mwenyekiti, maana hakuna sheria niliyoivunja. Nilimwogopa yeye tu. Nilijiambia kwamba kumwambia ni kumuua mara ya pili, na hapo hapo nikajua kwamba najitetea. Nilikwenda kanisani, nikaungama mbele ya padri. Akaniambia Mungu amenisamehe. Nikashukuru, lakini niliyemkosea anakaa hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu.

Siku mbili kabla ya mfungo wa Ramadhani, alikuja kwangu amevaa baibui jipya. Wenzetu Waislamu wana desturi hiyo nzuri ya kusameheana kabla mwezi haujaandama. Wanapita nyumba kwa nyumba, hata kwetu Wakristo. Nikamkaribisha ndani, akakataa kiti, akakaa kwenye jamvi.

"Nimekuja unisamehe, Mwalimu."

"Nikusamehe nini mimi?"

"Nilikubebesha dhambi yangu. Nilikuandikisha jina la mwanangu, na wewe ulimlea kama wako. Mwaka mzima naomba toba. Nilimtoa kwa mkono wangu, Mungu naye akasema haya, umemtoa, nimempokea. Mie najua ndivyo ilivyokuwa. Sasa nakuomba na wewe, unifungue."

Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Nisingeweza kumwambia nimekusamehe. Mtu mwenye haya hata kidogo asingeweza. Nikashuka kwenye kiti nikakaa mbele yake, nikamwambia yote: kalamu iliyotembea hewani, karatasi nyeupe, kura mbili zilizosomwa, na ya tatu ambayo ingekuwa yake. Nilimwambia nilidhani namhurumia. Nililia sana, na hata katika kulia nikaona kwamba nalia mapema, kabla yake.

Yeye hakulia. Alirudisha mikono yake taratibu, akaiweka mapajani.

"Kwa hiyo mie sikumtaja," akasema.

"Hukumtaja."

"Na ningemtaja, angekuwepo."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wale wawili walioandika jina lake. Mie kila aliyemwita mwanangu mwizi nilikuwa namlaani kila sala. Kumbe mtaa mzima, wao ndio waliotaka kumwokoa, na wala hawajui." Akainuka kwa kujishika ukutani. Mlangoni akasimama, bila kugeuka. "Mwalimu, nilikuomba uniandikie. Sikukuomba unifikirie."

Akaenda zake. Miaka thelathini nilifundisha watu kuandika, na alipokuja mtu mmoja kuniazima mkono, nikaona nimpe na akili yangu, kana kwamba yeye hana yake. Mkuu wa shule angeniambia nimwandikie barua, ningeiandika neno kwa neno, bila kuongeza nukta. Kwa muuza vitumbua nikajiona najua zaidi, hata kuhusu mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Hatukugombana. Akipika pilau ya Idi ananiletea sahani, nami Krismasi nampelekea yangu. Salamu zipo. Wasiojua wanatuona tumezeeka tu, tumetulia.

Mwaka huu pikipiki zimeanza kuibwa, na mwenyekiti akatangaza kura tena. Tukaenda uwanjani, karatasi zilezile za daftari, dua na sala. Wasiojua kuandika wakaambiwa watafute mtu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbele, na jirani alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa na upindo wa baibui lake, akaenda mpaka safu ya nyuma, kwa binti wa kidato cha pili anayesukwa nywele na mpangaji wa jirani. Nilimwona anainama na kunong'ona. Binti akamwangalia kwa mshangao, kisha akaandika. Jirani aliichukua karatasi, akaifungua, akaitazama kwa muda mrefu, yeye asiyejua hata herufi moja. Ndipo akaikunja na kwenda nayo kwenye ndoo.

Ofisini tulikuwa watano: mwenyekiti, mtendaji, polisi kata, mzee mmoja wa msikitini na mimi. Nilisoma, mtendaji akaandika. Tulikuwa tumefika katikati nilipofungua karatasi yenye mwandiko wa kitoto, mviringo, wenye mikia mirefu. Mwandiko wa yule binti ninaujua, niliufundisha mwenyewe. Palikuwa na neno moja tu.

"Mwalimu," nikasoma.

Walicheka wote. Mwenyekiti akasema kuna mtoto niliyemchapa zamani amekuwa mtu mzima na hajasahau. Mzee wa msikitini akasema dunia haina shukrani. Polisi kata akanyoosha mkono aichukue ile karatasi aitupe pamoja na zilizoharibika.

Mtendaji alikuwa ameinua kalamu yake, ananitazama, bado anacheka. Akaniuliza hii tuiache, si ndiyo.

Nikamwambia aandike.